Uzee Huandikwa Mapema: Njombe, Makambako na Historia ya Kuhesabu Kinga

Kipande cha reli ya TAZARA kinachotoka Mlimba kwenda Makambako ndicho kilichowatoa jasho zaidi wajenzi wake, Wachina kwa Watanzania. Treni inaliacha joto la bonde la Kilombero, inapenya handaki baada ya handaki, inavuka madaraja, na inapofika juu abiria wanatafuta makoti yao. Makambako ndipo reli hiyo inapokutana na barabara kuu ya Dar es Salaam hadi Zambia, na ndipo inapochepuka njia ya kusini kwenda Njombe na Songea. Reli ilikabidhiwa rasmi Julai 1976. Katika miaka ya 1980 barabara ya Songea nayo ikawekwa lami. Mahali pa baridi na upepo pakageuka mji wa njia panda, wenye malori yanayolala, mbao, viazi, mahindi, nyumba za wageni na vilabu vya pombe ya ulanzi. Anayetaka kuelewa kwa nini mkoa wa Njombe una mengi ya kusema kuhusu kinga ya mwili na uzee hana budi kuanza na njia hizo.

Kwenda mbali kutafuta kazi hakukuanza na TAZARA. Wakati wa utawala wa Waingereza, Njombe ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizotoa vijana wengi kwenda kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda chombo chao cha kuajiri vibarua, SILABU, na wanaume wa Kibena wakapelekwa Tanga na kwingineko kama manamba. Mwaka 1949 shirika la Waingereza la kuendeleza makoloni lilianzisha kampuni ya miwati, TANWAT, hapo hapo Njombe, na baadhi ya vijana wakapata ajira karibu na nyumbani. Hata hivyo safari haikukoma. Wakinga walizidi kusifika kwa biashara katika miji ya mbali, na ndoa nyingi za nyanda hizi zilizoea mume kuwa mbali kwa miezi, mara nyingine miaka. Tena, tofauti na pwani au Kilimanjaro, kutahiri wavulana hakukuwa desturi ya wengi huku. Hayo hayakuwa kosa la mtu yeyote. Ndivyo watu walivyoishi. Kirusi cha Ukimwi kilipokuja kilipata njia tayari.

Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi nchini Tanzania walitambuliwa mwaka 1983 mkoani Kagera, na kufikia 1986 mikoa yote ya bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Nyanda za Juu Kusini ziliumia polepole, kisha zikaumia sana. Utafiti wa kitaifa wa 2003–04 ulikuta maambukizi ya asilimia 13 kwa watu wazima wa Iringa, mkoa ambao wakati huo uliibeba Njombe. Ule wa 2007–08 ukakuta asilimia 15.7, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote. Njombe ilipofanywa mkoa unaojitegemea mwaka 2012, ilizaliwa ikiwa na sifa ambayo hakuna mkoa ungeitaka: asilimia 14.8, wakati wastani wa taifa ulikuwa 5.1. Wilayani Makete bibi na babu walikuwa wamekwisha kurudia kazi ya kulea, wakiwa na wajukuu waliopoteza baba na mama.

Mwaka 2010, Iringa na Njombe zikiwa bado mkoa mmoja, kampeni ya tohara ya hiari ya kupunguza maambukizi iliwahudumia wanaume na wavulana zaidi ya 10,000 ndani ya wiki sita. Kwa jamii ambayo haikuwa na desturi hiyo, ule ulikuwa uamuzi mkubwa, na heshima yake haijatolewa vya kutosha. Vijana walipanga foleni wakati wa baridi ya Juni na Julai, wengine wakisindikizwa na wake zao.

Upande mwingine wa historia hii ni wa namba. Kinga ya mwili haionekani. Mwaka 1979 wanasayansi wa Marekani walifanikiwa kutengeneza kingamwili maalumu zinazoweza kutenganisha aina za chembe nyeupe za damu na kuzihesabu. Miaka miwili baadaye, Juni 1981, taarifa fupi kutoka Los Angeles ilieleza vijana watano wenye nimonia isiyo ya kawaida, na daktari wao, Michael Gottlieb, alikuta kwamba aina moja ya chembe hizo ilikuwa imekaribia kutoweka. Ndizo tulizokuja kuzijua sote kwa jina la CD4. Kazi ya chembe hiyo ni kama ya mjumbe wa nyumba kumi: yeye si askari, ila bila yeye kupiga filimbi askari hawajui waende wapi. Mtu mzima mwenye afya huwa nazo kati ya 500 na 1,500 hivi katika kila milimita ya ujazo ya damu.

Tanzania ilianza kutoa dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi (VVU) bila malipo mwishoni mwa 2004. Ndipo CTC, kliniki za huduma na matibabu, zilipoingia katika msamiati wa nyumbani, na watu wa Njombe wakazizoea katika hospitali walizokuwa wakizijua tangu zamani: Kibena mjini, Ilembula ya Walutheri, Ikonda ya Wakonsolata huko Makete. Kila mteja alikuwa na kadi mbili, moja ya kubaki nayo na nyingine, CTC2, ya kubaki kituoni. Kwenye hiyo ya pili kulikuwa na safu ya uzito, safu ya hatua ya ugonjwa na safu ya CD4. Damu ya kipimo hiki haivumilii kukaa, kwa hiyo zahanati za mbali zililazimika kupanga siku ya kuipeleka, gari au pikipiki ikikimbizana na saa ili ifike penye mashine ikiwa bado inafaa. Majibu yakirudi, nesi alikuwa akisema, "Dada, CD4 zimepanda," na uso wa mtu ukabadilika. "CD4 zako ngapi?" likawa swali ambalo watu wawili waliulizana kwenye benchi la kusubiri, kwa sauti ya chini, kama zamani walivyoulizana habari za mavuno.

Lakini namba hiyo ilisomwa kwa swali moja tu. Miongozo ya wakati ule ilisema dawa zianze CD4 zikishuka chini ya 200, au ugonjwa ukiwa umefika mbali. Mwenye 240 asiye na dalili kubwa alirudi nyumbani na septrini na tarehe ya kupimwa tena. Dawa zilikuwa chache, wagonjwa wengi, na waliokuwa mahututi walistahili kutangulia. Naielewa hesabu hiyo, na siwalaumu walioipiga. Gharama yake, hata hivyo, haikuisha siku mtu alipopewa dawa. Kadiri kinga inavyoachwa ishuke chini, ndivyo inavyokuwa vigumu irudi ilipokuwa, na wengi walioanzia chini ya 100 walipanda hadi mahali fulani wakakwama hapo.

Mwaka 2006 ulitoka utafiti uliobadilisha namna ya kuielewa namba hiyo. Uliitwa SMART, na ulihusisha watu 5,472 katika nchi 33. Wazo lake lilionekana la huruma: mgonjwa ambaye CD4 zake zimepanda juu ya 350 apumzishwe dawa, aanze tena zikishuka chini ya 250, ili mwili uepushwe na sumu ya dawa. Utafiti ulisimamishwa kabla ya wakati, maana waliopumzishwa walikuwa wakifa kwa kiwango kilichokaribia mara mbili ya wenzao. Jambo la ajabu ni yale yaliyowaua. Magonjwa nyemelezi yalikuwa sehemu ndogo. Zaidi ilikuwa moyo, ini, figo na saratani zisizohusishwa na Ukimwi, yaani magonjwa ambayo tumezoea kuyaona kwa wazee. Walipopima damu zilizohifadhiwa, watafiti walikuta alama za uvimbe wa ndani ya mwili na za damu kuganda zikiwa juu kwa waliokuja kufa. Ilidhihirika kwamba kinga iliyovurugwa inazeesha mishipa na viungo, hata pale inapoweza bado kuzuia nimonia.

Tangu hapo kizingiti kilipandishwa hatua kwa hatua, 350, kisha 500. Mwaka 2015 utafiti mwingine, START, wenye watu 4,685, ulionyesha kwamba kuanza dawa mapema, CD4 zikiwa bado juu ya 500, kunapunguza kwa asilimia 57 hatari ya ugonjwa mkubwa au kifo. Oktoba 2016 Tanzania ikaanza kumpa dawa kila anayekutwa na VVU bila kungoja namba yoyote. Kipimo cha uwingi wa virusi kikachukua kiti cha mbele. Leo katika CTC watu wanaulizana kama virusi "havionekani," na hilo ni jema, maana asiyeonekana kuwa na virusi kwenye kipimo hamwambukizi mwenzake kwa ngono. Safu ya CD4 ikaanza kubaki wazi.

Utafiti wa kitaifa wa 2022–23 ulikuta Njombe ina asilimia 12.7, bado ya kwanza nchini, na juu kidogo ya asilimia 11.4 ya 2016–17. Waliosoma vichwa vya habari walisikitika. Mimi nasoma namba hiyo kwa namna mbili. Maambukizi mapya hayajakoma, na vijana wa kike bado wanabeba mzigo usio wa haki. Lakini pia kiwango hupanda pale watu wanapoacha kufa. Taifa zima, kati ya waliojua hali zao, asilimia 97.9 walikuwa kwenye dawa, na kati ya walio kwenye dawa asilimia 94.3 walikuwa wamevifubaza virusi. Watu waliohesabiwa mwaka 2004 kama wanaokufa wamehesabiwa tena mwaka 2022 wakiwa na nywele zenye mvi. Makambako ina wafanyabiashara wa mahindi, mafundi, walimu na wakulima wa parachichi wenye miaka 45, 50, 58, ambao wamemeza dawa nusu ya maisha yao ya utu uzima. Hawajawahi kuwapo wazee wa namna hii katika historia ya mkoa.

Wazee hao wataishije? Jibu lilianza kuundwa mbali sana na wenye VVU. Mwaka 1989, katika mji wa Jönköping nchini Sweden, Anders Wikby na wenzake walianza kuwafuatilia wazee waliokaribia miaka 90. Waligundua kwamba wale ambao chembe za CD4 zilikuwa chache kuliko jamaa zao wa CD8, chembe za mashambulizi, walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufa katika miaka iliyofuata. Uwiano chini ya moja ulikuwa dalili mbaya. Ni uwiano uleule unaovurugwa na VVU. Mzee wa Sweden ambaye hakuwahi kuona kirusi hicho, na kijana wa Njombe aliyekipata akiwa na miaka 25, walikuwa na picha moja kwenye damu. Mwaka 2000 Claudio Franceschi wa Italia akaeleza kwamba uzee wenyewe huandamana na uvimbe mdogo usiozimika, moto wa chini chini unaochosha viungo.

Kisha sehemu ya jibu ikatoka Nairobi. Mwaka 1985, katika mtaa wa Majengo, Pumwani, muuguzi Elizabeth Ngugi na daktari Frank Plummer wa Kanada, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Nairobi, walianza kuwafuatilia wanawake waliojipatia riziki kwa kuuza ngono. Wengi wao walikuwa wametoka Tanzania, hasa Kagera. Wengi walikuwa wameambukizwa VVU tayari, lakini kikundi kidogo kilibaki bila maambukizi mwaka baada ya mwaka licha ya hatari ya kila siku, na mwaka 1996 Keith Fowke na wenzake wakalichapisha jambo hilo. Dunia ilitafuta chanjo katika damu ya wanawake hao. Chanjo haijapatikana, lakini walichokitoa hakikupotea.

Mwaka 2023 Sunil Ahuja wa San Antonio, Texas, na wenzake walichapisha uchambuzi wa taarifa za watu wapatao 48,500, wakiwamo wanawake wa Nairobi wasio na VVU na watoto wa Kenya wenye kichocho. Kwa kutumia vitu viwili, idadi ya CD4 na uwiano wake na CD8, waliwagawa watu katika madaraja manne. Daraja la juu ni la mwenye CD4 800 au zaidi na uwiano usiopungua moja. Walichokiita ustahimilivu wa kinga ni uwezo wa mwili kupambana na adui bila kujichoma wenyewe, na baada ya pambano kurudi kwenye utulivu. Katika umri wowote wapo wenye ustahimilivu huo na wapo waliokwisha kuupoteza, na wanawake wa Nairobi waliokuwa nao walikuwa na hatari ndogo zaidi ya kupata VVU. Nililolipenda zaidi ni hili: kwa baadhi ya wanawake hao, hatari za kila siku zilipopungua, daraja la kinga lilipanda. Uzee wa kinga, basi, si hukumu isiyokatiwa rufaa.

Mwaka 2025 kundi hilo likatoa uchambuzi mwingine, wa watu wapatao 17,500, uliolenga umri wa kati. Katika miaka 40, mwenye ustahimilivu dhaifu alikuwa na hatari ya kufa mara 9.7 ya mwenzake mwenye ustahimilivu imara, sawa na hatari ya mtu imara mwenye miaka 55.5. Pengo la miaka 15 na nusu, kwa watu wa umri mmoja ambao ukiwakuta sokoni huwezi kuwatofautisha. Tofauti hiyo ilikuwa na nguvu kati ya miaka 40 na 70. Baada ya 70 ilififia. Ikumbukwe kwamba hizi ni habari za makundi. Hakuna daktari anayeweza kumshika mtu mmoja mkono akamwambia tarehe yake, na CD4 za mtu hupanda na kushuka hata kwa mafua. Lakini dirisha limeonekana, na ndani yake ndimo kilipo sasa kizazi kile cha 2004.

Kwetu Tanzania hatuanzii sifuri. Watafiti wa hospitali ya Bugando, Mwanza, wakiwa na Robert Peck, walionyesha mwaka 2014 kwamba watu waliokaa kwenye dawa za VVU zaidi ya miaka miwili walikuwa na shinikizo la damu kwa asilimia 28.7, ikilinganishwa na 16.3 kwa wasio na VVU. Huko Moshi, Godfrey Temba na wenzake wa hospitali ya KCMC na Nijmegen, Uholanzi, waliwachunguza watu 323 wenye afya wa mkoa wa Kilimanjaro na mwaka 2021 wakaeleza kwamba damu ya wakazi wa mjini ilikuwa na uvimbe zaidi kuliko ya wakazi wa vijijini, na chakula kilikuwa sehemu kubwa ya sababu. Mwaka 2025 wakaleta ushahidi wa majaribio kwa wanaume 77: waliotoka kwenye vyakula vya asili kwenda kwenye vyakula vya kisasa vilivyosindikwa na kukaangwa, kwa wiki mbili tu, walipandisha alama za uvimbe, na chembe zao za kinga zikawa na mwitikio hafifu zaidi kwa vimelea. Waliofanya kinyume, pamoja na waliokunywa mbege, pombe ya ndizi, kwa wiki moja, walizishusha alama hizo. Sitaki mtu aseme nimeusifu ulanzi. Mbege yenyewe ilinywewa kwa kipimo, na ulanzi haukupimwa. Ninachosema ni kwamba maharage, mboga za majani na nafaka zisizokobolewa, ambavyo mkulima wa Wanging'ombe anavyo shambani, vinaondoka mezani kadiri mji unavyokua, na sahani ya chipsi ya stendi ya Makambako inachukua nafasi yake.

Kuna dawa pia. Utafiti uitwao REPRIEVE uliwafuatilia watu 7,769 wenye VVU, wa miaka 40 hadi 75, katika nchi 12, Uganda ikiwamo. Mwaka 2023 ulionyesha kwamba kidonge cha kila siku cha kundi la statini, dawa za kushusha mafuta kwenye damu, kilipunguza kwa asilimia 35 maradhi makubwa ya moyo na kiharusi. Kati ya waliolengwa, wengi hawakuwa na mafuta mengi kwenye damu. Kilichowafanya walengwe ni umri wa kati na kinga iliyowahi kujeruhiwa.

Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha kwa muda misaada yake ya nje, na kliniki nyingi nchini zilizoitegemea zikatikisika. Wakati ule nilikuwa nikiwaza SMART. Tuliambiwa mwaka 2006, kwa gharama ya maisha ya watu, kwamba kukatiza dawa kunaharibu moyo na figo kabla hakujarudisha Ukimwi. Anayepanga bajeti ya afya ya Njombe na asiweke akiba ya dawa hizo anapanga pia viharusi vya miaka kumi ijayo.

Ninaloliomba halihitaji maabara mpya. Chukua mwanamke aliyeanza dawa mwaka 2005 akiwa na miaka 30. Mwaka 2025 ametimiza 50, na kama tofauti inayosemwa na utafiti inafifia baada ya 70, ana hadi 2045. Huja kliniki kila baada ya miezi mitatu au sita kuchukua dawa. Kila anapokuja anaweza kupimwa presha, na mara moja kwa mwaka sukari. Anaweza kuulizwa anakula nini na kama anavuta sigara. Na faili lake likifunguliwa, CD4 yake ya chini kabisa, iliyoandikwa kwa kalamu kabla hajaanza dawa, inaweza kumwambia daktari ni nani wa kutazamwa kwanza.